Shokola Aliyoileta Bijou

Basile alikipokea kipande kwa mikono miwili, akakigeuzageuza, akakinusa.

"Kula tu, papa," mkewe Adèle akamwambia akicheka. "Haiko dawa."

Walikuwa wamekaa barazani nyumbani kwao, komini ya Tshopo, Jumapili baada ya misa. Sahani za pondu, majani ya muhogo, na samaki zilikuwa bado mezani. Kipande hicho cha shokola kilitoka mkononi mwa Bijou, mdogo wake Adèle, aliyekuwa amefika katikati ya wiki kutoka Liège, Ubelgiji, baada ya zaidi ya miaka kumi bila kukanyaga Kisangani.

Bijou mwenyewe hakula. Alitaka kwanza kumwona shemeji yake akila. Shokola hiyo aliinunua kwa ajili yake, katika duka dogo ambalo mwenyewe hutengeneza kila kitu kwa mikono: shokola ya maziwa, nene kama kidole, ndani yake vipande vya karameli ngumu na njugu za Ulaya zilizochomwa zikiwa nzima. Muuzaji alimvunjia kipande amwonyeshe ndani, na papo hapo Bijou akamkumbuka Basile, mwalimu wa jiografia, mtu anayetembea na karanga mfukoni mwaka mzima na kujaza sukari katika chai mpaka kijiko kinakaribia kusimama. Akaifunga ndani ya soksi za sufu. Ikapita Kinshasa na joto lake, ikafika Kisangani imelegea kidogo tu, na Hamadi, mwenye butiki ya kona, akakubali kuiweka katika frigo yake kati ya chupa za maji na soda.

Ilikuwa zawadi ya kutafuta amani. Mama yao alipofariki, miaka minne nyuma, Bijou aliomba kwa simu wamngoje, bado anahangaikia tiketi ya ndege na makaratasi. Basile hakungoja. Alizika. Bijou aliliona jeneza la mama yake likishuka kaburini katika video ya simu, akapiga mara moja, na Basile akapokea simu ikiwa kwenye sauti ya juu, katikati ya watu wa matanga. "Basile," Bijou akasema, "hii kitu utanilipa." Parcelle nzima, nyumba na ua, ilisikia, na majirani. Tangu siku ile hawakusemezana, na hata wiki hii yalikuwa mambo ya "bonjour shemeji" na "bonsoir shemeji", basi.

Basile akakitia kipande kinywani.

Mwanzoni hakutafuna. Aliiacha iyeyuke, na yale maziwa yakatandaa ulimini, laini, mazito. Kisha jino likakutana na karameli, ikapasuka kwa mlio mdogo, ladha ya siagi na sukari iliyounguzwa ikatoka, na nyuma yake chumvi kidogo. Mwisho zikaja njugu, zenye mafuta na harufu ya moto. Basile akafumba macho. Alipoyafumbua, alimtazama Bijou usoni kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Mungu wangu," akasema polepole. "Kumbe hii njo batu ya kule banakulaka? Na siye hapa banatuletea bonbon yenye iko kama sabuni!"

Bijou akacheka, machozi yakiwa karibu. "Kamata ingine, shemeji. Yote iko yako."

"Adèle, onja kidogo."

"Unajua docta alinikataza sukari."

"Alors uko na hasara, bibi yangu." Akachukua kipande cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza.

Kabla hajakimaliza alianza kujikuna mdomo. "Balitia pilipili?" akauliza, bado anatabasamu. "Inanichoma kidogo." Akakohoa. Akanywa maji. Akakohoa tena, na Bijou akaona mdomo wa chini wa shemeji yake unavimba, wazi wazi, kama mtu anaupulizia hewa. Shingoni ngozi ikainuka mabaka mapana. Basile alitaka kusema neno, sauti ikatoka nyembamba, siyo yake. Akashika kitambaa cha meza, na sahani zote zikaja chini.

"Basile! Basile, iko nini?"

Bijou alibaki amesimama, kinywa wazi. Ulikuwa muda mfupi tu, lakini baadaye ndio ulioongelewa kuliko yote: alisimama, alitazama, hakusaidia. Ukweli ni kwamba mbele ya macho yake alikuwa anamwona mtoto. Kule Liège alifanya kazi jikoni katika shule ya watoto wadogo, na siku moja aliona mtoto wa kike akivimba hivi hivi kwa sababu ya biskuti, mpaka mwalimu akaja mbio na sindano akamchoma pajani. Ndipo akili ikamrudia.

"Njugu!" akampigia dada yake kelele. "Yaya, ni zile njugu! Mwili yake inazikataa! Anahitaji sindano ya adrénaline, sasa hivi, pumzi itafunga!"

Adèle, aliyepiga magoti kando ya mumewe, akainua uso. "Umejua namna gani?"

"Niliona mutoto kule..."

"Umejua namna gani mbio hivi, Bijou?"

Pétronille, jirani yao, alikuwa amekwisha kuingia uani, kitenge kimefungwa ovyo. Alimwona Basile anakoroma sakafuni, akaona karatasi ya dhahabu mezani, akamwona mgeni wa Ulaya amesimama wima. Hakuhitaji kuona zaidi.

"Sumu!" akalia. "Batu bote mukuye! Bamelisha papa Basile sumu!"

Baraza ikajaa. Walitoka parcelle za kushoto na za kulia, wengine bado na nguo za misa, mmoja na povu la sabuni usoni. Dereva wa moto, pikipiki ya abiria, aliyekuwa anapita alisimamishwa barabarani kwa nguvu. Wanaume wawili wakambeba Basile na kumketisha nyuma ya dereva, na Adèle akapanda mwisho akamkumbatia asianguke. Pumzi ya Basile ilikuwa inalia kama filimbi. Bijou aliwakimbilia, karatasi ya shokola mkononi.

"Yaya, nisikie! Umwambie docta iko allergie! Umwambie njugu!"

Adèle alimtazama kutoka juu ya pikipiki. Dada huyu ndiye aliyembeba Bijou mgongoni, ndiye aliyemsuka nywele, ndiye aliyelia uwanja wa ndege mpaka wakamshika mikono siku Bijou anaondoka nchini. Macho aliyokuwa nayo sasa Bijou hakuwahi kuyaona kwa mtu yeyote.

"Mumushike," Adèle akawaambia majirani. "Asitoke hapa."

Moto ikaondoka na vumbi.

Walimshika kweli. Bijou hakuhisi hata mikono yao. Walimrudisha barazani wakamketisha kwenye kiti cha Basile, na yeye akakaa kama mzigo uliowekwa chini, neno moja tu likizunguka kichwani. Mumushike. Hakusema "mumuulize". Hakusema "mumuangalie". Mumushike, kama mwizi wa kuku.

Pétronille alisimama mbele yake, mikono kiunoni, akageukia watu.

"Huyu alisema papa Basile atamulipa. Siye bote tulisikia kwa simu, wakati ya matanga. Ao nadanganya?"

"Hapana, alisema," wakaitikia.

"Bon. Na anafika, analeta nini? Kitu ya sukari. Anajua vizuri Adèle hakulaka sukari. Alors ni nani peke yake atakula?"

Mtu akapiga mluzi wa mshangao.

"Na yeye mwenyewe, alionja? Mumuulize kama alionja!"

Bijou aliyasikia moja moja. Kilichomtisha ni kwamba hapakuwa na uongo hata kidogo. Alisema yale maneno kwa simu. Alijua kuhusu sukari ya dada yake. Hakuonja. Yalikuwa mambo yake mwenyewe, ya kweli yote, na sasa yamepangwa mbele yake kwa namna ambayo hata yeye angeogopa mwanamke wa namna hiyo.

"Munipe ile shokola," akasema.

Hakuna aliyesogea. Akanyoosha mkono, akachukua kipande kilichobaki mezani, akauma.

Kwa majuma alikuwa ameingoja ladha hii. Sasa kinywa kilikuwa kikavu kama majivu. Shokola ilikataa kuyeyuka, karameli ikamng'ang'ania menoni, njugu zikageuka unga unaokwama kooni. Akatafuna. Akameza kwa nguvu. Akauma tena. Zaidi ya watu ishirini walikuwa wanatazama koo lake linavyopanda na kushuka. Mama mmoja alimvuta mtoto wake nyuma, kama vile Bijou angepasuka.

"Nipe na mimi."

Alikuwa Hamadi. Alikuwa ameacha butiki wazi akaja na kofia yake ya Jumapili na siku zote, akapenya katikati ya watu. Yeye na wazazi wake walitoka Maniema zamani, na mtaani walimheshimu kwa sababu hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Papa Hamadi, usikule!" Pétronille akapiga kelele.

"Hii kitu ililala kwa frigo yangu tangu mercredi, siku alifika," Hamadi akasema. "Kama iko na sumu, munishike na mimi." Akavunja kipande, akakitia kinywani, akatafuna akiwaangalia mmoja mmoja. Uso wake ukabadilika kidogo, bila yeye kutaka. "Iko tamu," akasema, kama anayetoa ushahidi.

Bijou akamkamata mkono. "Papa, nakuomba. Kimbia kwa centre ya afya. Umupe docta hii karatasi. Umwambie ni njugu, umwambie adrénaline. Banikatalie mimi, lakini weye bataacha upite."

Hamadi akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, akaenda. Hakuwa kijana, na mtaani hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Siku hiyo walimwona.

Kisha wakangoja. Jua lilisogea barazani mpaka likafika miguuni mwa Bijou. Hakuna aliyempa maji. Walikuwa wanangoja aanguke, na asipoanguka walionekana kama watu walionyimwa kitu. Kutoka nyuma sauti ikasema, "Labda alikunywa dawa yake mbele ya kula." Wengine wakaguna kukubali.

Hapo ndipo Bijou alipoelewa kwamba angeweza kula shokola yote, na karatasi, na meza, na bado isingetosha. Basile akifa, hatatoka katika kiti hiki. Na kama angetoka, angekwenda wapi? Watu hawa walimjua tangu akiwa na meno ya utoto. Pétronille ndiye aliyemfundisha kukaanga mikate ya mafuta.

Simu ya Pétronille ikalia. Akabonyeza, akaiweka sauti ya juu bila kuombwa.

"Anapumua," ilisema sauti ya Adèle, imechoka, imepasuka. "Docta alimuchoma sindano. Alianza kumuchoma, pale pale Hamadi anaingia na karatasi, docta anasema njo ile ile. Ni njugu. Munasikia? Ni njugu. Hakuna sumu. Mumuache mudogo yangu."

Mtu wa povu la sabuni, ambalo sasa lilikuwa limemkaukia shavuni, akainama kuokota vipande vya sahani. Wengine wakakumbuka sufuria zilizo motoni. Waliondoka mmoja mmoja, bila kumwangalia, na mama mmoja akakirudisha kiti alichokalia mahali pake kwa uangalifu mkubwa.

Pétronille alibaki. "Mama Bijou, siye tuliogopa," akasema. "Mutu anaanguka namna ile, utawaza nini?"

Macho ya Pétronille yakaenda mezani, kwenye kipande kidogo kilichosalia, yakarudi, yakaenda tena. Bijou akamsukumia. Hata yeye hakujua kwa nini. Pétronille akakitia kinywani haraka, kama dawa, macho yakamtoka.

"Eee, mama!" akanong'ona. Kisha aibu ikamshika, akajifunika kinywa kwa kitenge, akaondoka.

Kituo cha afya hakikuwa mbali. Infirmier aliyemhudumia Basile, kijana mrefu aitwaye Sébastien ambaye wote walimwita docta, alimpokea Bijou mlangoni na karatasi ya dhahabu bado mkononi.

"Ni weye ulituma hii? Ilitusaidia. Sasa najua kitu gani nimukataze maisha yote."

"Lakini anakulaka karanga kila siku," Bijou akasema. "Tangu mutoto."

"Mwili inaweza kukubali karanga na kukataa njugu ingine. Hii hapa banaita noisette. Nilimuuliza kama alishakula ya namna hii. Anasema kwa ndoa moja balimupakia mukate kitu ya shokola, mudomo ikamuwasha. Alifikiri ni pilipili." Akatikisa kichwa. "Mara ya pili ndiyo mbaya."

Basile alikuwa amelala na serumu mkononi. Uso wake ulikuwa umejaa, jicho moja limefungwa kabisa, lakini kifua kilipanda na kushuka bila mlio. Alimwona Bijou, akapigapiga kitanda kwa vidole.

"Kaa, shemeji." Sauti ilikuwa nzito, lakini ilikuwa yake. "Nikuambie. Katika maisha yangu sijakula kitu tamu kupita ile. Na docta anasema nikionja tena, nakufa. Hii iko bahati ya namna gani?"

Bijou alianza kucheka. Kicheko kikageuka, akashindwa kukizuia, akalia mpaka Sébastien akachungulia mlangoni. Basile alingoja.

"Pale chini," akasema baadaye, "nilikuwa sivuti tena pumzi, unajua niliwaza nini? Niliwaza, nakufa, na sijamwambia Bijou mambo ya mama."

"Mambo gani?"

Basile akatazama juu. "Wakati ule kurant ilikatika, mji mzima giza. Siku na siku. Kwa morgue balikuwa na groupe ya kuwasha frigo za maiti, ikaharibika. Joto unaijua. Balitupigia simu, balisema mukuye, muone wenyewe. Tulikwenda na Adèle. Mama hakuweza kungoja, Bijou. Ilibidi tufunge jeneza siku ile ile."

Bijou alikuwa amekumbuka video ile mara ngapi? Jeneza limefungwa. Alikuwa amewachukia kwa hilo pia, kwamba hawakumwonyesha hata uso wa mama.

"Kwa nini hamukuniambia?"

"Adèle alikataa. Alisema uko peke yako kule, hauna mutu wa kukushika, hauwezi kubeba picha ya namna ile. Alisema afadhali ukasirike." Akajaribu kutabasamu, mdomo uliovimba haukukubali. "Donc nikakubali unikasirikie mimi. Mimi niko bokilo, mutu wa kuoa tu, banazoea kutukasirikia."

Bijou akatoka nje. Hakuona mlango wala ngazi. Adèle alikuwa amekaa kwenye benchi uani, viatu amevivua, kanga imelowa jasho. Alipomwona mdogo wake alitaka kusimama, akarudi kukaa.

"Ulisema banishike," Bijou akasema.

"Nilisema."

"Yaya. Uliwaza kweli mimi naweza kumuua bwana yako?"

Adèle angeweza kusema hapana. Bijou alimwona akilitafuta neno hilo, akaona analiacha.

"Pale, ndiyo," akasema. "Niliwaza. Nilimwona anakufa, weye umesimama, nikawaza hivyo. Sitakudanganya tena."

Bijou aliketi upande wa pili wa benchi, mbali. Ilikuwa kama kumezeshwa kitu kigumu mara ya pili siku hiyo. Mtu aliyemficha uozo wa mama yao ili asiumie, kwa miaka yote hiyo, na mtu aliyesema mumushike, walikuwa wamekaa hapo pamoja ndani ya kanga moja, na yeye hakujua amwangalie yupi.

"Nisamehe," Adèle akasema.

"Siwezi leo."

"Bon."

"Lakini sitalala kwa hoteli. Nitarudi nyumbani."

Adèle akaitikia kwa kichwa, mara nyingi.

Basile alirudi kesho yake, uso umeshuka. Pétronille alileta kuku aliye hai, miguu imefungwa, akamkabidhi Bijou mkononi mbele ya watu, na Bijou akampokea. Hamadi hakuleta kitu wala hakusema kitu, ila kila Bijou alipopita mbele ya butiki alimpa chupa ya maji baridi.

Kati ya dada wawili mambo yalikwenda polepole zaidi. Walipika pamoja, walisuka pamoja, na ghafla mmoja angeacha kazi akatoka uani. Kabla ya juma kwisha, Bijou aliomba apelekwe makaburini. Basile akawaonyesha njia, akawaacha, akaenda kukaa na dereva wa moto. Adèle alianza kung'oa majani yaliyoota juu ya kaburi. Bijou akamshika mkono, akamzuia.

"Kaa kwanza," akasema. "Uniambie yote. Hata yale mabaya. Namna alivyokuwa, harufu, yote."

"Bijou..."

"Yote, yaya. Usinifiche hata moja."

Adèle alipangusa udongo mikononi, akaketi chini kando ya mdogo wake. Akaanza na asubuhi ile kurant ilipokatika, wakati walikuwa bado wanauosha mwili wa mama kabla ya kumpeleka morgue.